Ngano kulala Mau Narok: CCC ipigwe lini, kipimo gani, na ichanganywe na nini?

Ngano_MauNarok

Wadau, hamjambo. Nina ekari 18 za ngano upande wa Mau Narok, leo ina wiki tano tangu ipandwe. Mbegu niliweka kilo 70 kwa ekari, DAP gunia moja la kilo 50 kwa ekari wakati wa kupanda, na urea gunia moja kwa ekari imemwagwa yote juzi. Kila mmea una machipukizi matatu au manne, na rangi ni kijani iliyokolea sana. Msimu uliopita, shamba hilihili kwa mbolea hiihii, ngano ililala wakati punje zinajaa na kombaini ikaacha nyingi chini.

Agroveti wameniuzia dawa ya kufupisha bua, CCC. Kwenye lebo imeandikwa "chlormequat chloride 750 g/l". Maelezo ya mdomo niliyopewa: lita moja kwa ekari, wakati wowote kabla suke halijatoka, changanya na 2,4-D (ya magugu) na tebukonazoli (ya ukungu) upige mara moja, na kwa kuwa ina naitrojeni ndani itafanya kazi ya mbolea ya majani pia.

Naomba kujua nipige lini hasa, niweke kiasi gani kwa bomba la lita 20, na kama huo mchanganyiko unakubalika. Nitatumia mabomba ya mgongoni, vijana wanne. Mabua makavu huwa nauza kwa marobota.

Bua_Gumu

Ndugu, karibu. Kati ya hayo uliyoambiwa dukani sioni la kufuata jinsi lilivyo. Nianze na wakati, maana hapo ndipo pesa za CCC hupotea.

Usihesabu wiki. Njoro iko mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Mau Narok inapita 2,700, na baridi ya huko huchelewesha ngano. Mbegu ya aina moja iliyopandwa siku moja haifiki hatua ileile siku moja. Pasua bua. Kuanzia sasa, kila baada ya siku mbili tatu, katiza shamba kwa mwendo wa kona kona, ng'oa mimea kumi pamoja na mizizi. Kwenye kila mmea chagua bua mama, lile nene la katikati, usichukue chipukizi. Kata mizizi, menya majani ya nje, kisha upasue kwa wembe, kwa urefu, kuanzia chini.

Chini kabisa utaona kitako kigumu, cheupe, mahali mizizi na machipukizi yote yanapoanzia. Hicho si fundo la kuhesabu, na wengi hukosea hapo wakapiga mapema. Juu ya kitako kuna uwazi kama mrija, na juu zaidi kuna kijisuke cheupe cha milimita chache tu, chenye meno meno pande zote mbili. Ukikiweka juu ya ukucha unaona hadi mahali punje zitakapokaa. Sasa chukua rula. Ncha ya kijisuke ikiwa imefika sentimita 1 juu ya kitako, huku fundo la kwanza likiwa bado chini ya sentimita 1, uko hatua ya 30 kwenye kipimo cha Zadoks, kile cha hatua za ukuaji wa nafaka. Fundo la kwanza likifika sentimita 1 au zaidi, ni 31. Fundo la pili likiachana na la kwanza kwa sentimita 2, ni 32.

CCC kwa ngano ni 30 hadi 31. Mimea sita au saba kati ya kumi ikionyesha 31, usingoje tena.

Sababu ni hii: pingili mbili za chini ndizo zinazobeba suke zito lililolowa mvua. CCC ikizikuta ndiyo kwanza zinarefuka, huzifanya fupi na ngumu. Ukipiga 32 imeshapita, zile za chini zimekwisha kurefuka. Utafupisha sehemu ya juu tu, na ngano italala ikiwa fupi. Ukipiga mapema mno, machipukizi bado yanatoka, nguvu ya dawa huisha kabla pingili hazijaanza, halafu za juu hurefuka kwa kasi kufidia. Ukifika wakati wa masuke huoni tofauti na kwa jirani asiyepiga.

Kipimo: kwa dawa ya 750 g/l, ngano yetu ya msimu mfupi inatosha lita 1 hadi 1.5 kwa hekta, yaani mililita 400 hadi 600 kwa ekari. Lita nzima kwa ekari ni karibu lita 2.5 kwa hekta, na hapo umepita kile ambacho lebo nyingi za ngano huruhusu. Nahisi dukani walisoma kipimo cha hekta wakakupa kama cha ekari. Kosa hilo ni la kila siku. Soma lebo mwenyewe, hakikisha ngano imetajwa na namba ya usajili wa PCPB (bodi ya kudhibiti viuatilifu nchini) ipo, na lebo ikisema tofauti na mimi fuata lebo. Ukizidisha utaona ncha za majani zikiungua, masuke yakichelewa, na mengine yakikwama nusu ndani ya ala ya jani bendera, lile la mwisho chini ya suke.

Swali moja kwako: msimu uliopita ililalaje? Mabua yalipinda au kuvunjika karibu na ardhi, au mmea mzima ulilala na mizizi ikainuka na bonge la udongo?

Kemia_Njoro

Nichukue hapo kwenye naitrojeni, kwa sababu maneno hayo yanazunguka sana kwenye maduka na yanawaponza watu.

Ni kweli klomekwati ina naitrojeni. Ni chumvi iliyotengenezwa viwandani, jina lake la zamani ni klorokolini kloridi, na ndiko herufi CCC zilikotoka. Tolbert wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, ndiye aliyeeleza mwaka 1960 jinsi inavyofupisha mimea. Lakini piga hesabu. Naitrojeni ni takriban asilimia 9 ya uzito wa chumvi hiyo. Mililita 600 kwa ekari zina gramu 450 za klomekwati, kwa hiyo naitrojeni ni gramu 40. Gunia la mbolea ya CAN la kilo 50 lina kilo 13. Gramu 40 haziwezi kulisha hata kipembe cha ekari.

Naitrojeni ile ina kazi nyingine kabisa. Mmea hurefuka kwa homoni ya jiberelini. Ili kuitengeneza, mmea hupitisha malighafi kwenye vimeng'enya kimoja baada ya kingine, na katika hatua za mwanzo kabisa malighafi hiyo hubeba chaji chanya kwa muda mfupi sana. Naitrojeni ya klomekwati imeshikwa na kaboni nne na ina chaji chanya ya kudumu, hivyo inakaa mahali pa ile malighafi na kukizuia kimeng'enya. Jiberelini hupungua, seli za bua hubaki fupi. Majani hayapungui kwa kiwango hicho, ndiyo maana baada ya wiki moja ya unjano kidogo shamba hugeuka kijani cha kukolea. Watu huona rangi ile wakadhani ni mbolea.

Sasa ile tebukonazoli. Hiyo ni triazoli, ina pete yenye naitrojeni tatu, na mojawapo hung'ang'ania madini ya chuma ndani ya kimeng'enya cha kuvu kinachotengeneza mafuta ya utando wa seli yake. Mmea una vimeng'enya vya jamii hiyohiyo kwenye njia ya jiberelini, hatua moja mbele ya pale CCC inapozuia. Kwa hiyo baadhi ya dawa za ukungu za triazoli zina ufupishaji wake mdogo. Paklobutrazoli, ile inayomwagwa kwenye shina la mwembe ili utoe maua, ni binamu yake wa karibu kabisa. Ngano yenye afya na maji ya kutosha inazistahimili CCC na tebukonazoli pamoja. Ngano yenye kiu inabanwa pande mbili.

Na tatizo lako, ndugu, limeanzia kwenye mbegu. Hesabu ni rahisi: mimea unayotaka kwa mita ya mraba, mara uzito wa punje 1,000 kwa gramu, gawa kwa asilimia ya uotaji, jibu ni kilo kwa hekta. Mimea 250, punje 1,000 zenye gramu 40, uotaji 90: unapata 111, yaani kilo 45 kwa ekari. Wewe umeweka 70. Ongeza DAP ya kilo 9 za naitrojeni na urea ya kilo 23, yote imeshaingia kabla bua halijaanza. Mimea imesongamana, inagombea mwanga, inakwenda juu ikiwa myembamba. CCC itapunguza madhara msimu huu, lakini msimu ujao shusha mbegu, na urea igawe mara mbili: nusu machipukizi yakitoka, nusu fundo la kwanza au la pili likionekana.

Nozeli_Mbili

Kwa upande wa kupiga, kabla ya kununua hata mafuta ya pikipiki ya kubeba maji, pima vijana wako. Piga mambo (vigingi) kuzunguka mraba wa mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu hadi alama, kijana apige mraba huo kwa mwendo wake wa kawaida, kisha jaza tena kwa jagi lenye vipimo uone maji mangapi yametumika. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo zidisha kwa 40. Akitumia lita 2, anapiga lita 80 kwa ekari, ambayo ni mabomba manne. Hapo mililita 500 kwa ekari ni mililita 125 kwa bomba. Akitumia lita 3, ni lita 120, mabomba sita, mililita 83 kwa bomba. Pima kila kijana peke yake, na hapa ndipo wengi huharibu: wanachanganya pipa moja kwa wote ilhali mmoja anatembea kama anakimbilia matatu.

Nozeli iwe ile ya kutoa dawa kwa umbo la feni bapa, zote nne za aina moja na mpya. Acha ile ya ukungu wa mviringo, inapeperuka. Mshike mstari kwa kamba na mambo, kwa sababu CCC haisamehi. Mahali mapito mawili yamepandana utaona mkanda mfupi uliochelewa kutoa masuke. Mahali pameachwa ndipo ngano italala, na ikilala inaanza kuivuta ya pembeni.

Kuhusu mchanganyiko: 2,4-D itoe kabisa. Magugu ya majani mapana yamalizwe sasa, wakati wa machipukizi, maana 2,4-D ikichelewa hadi bua limeanza kurefuka inaweza kupotosha masuke. Acha siku saba hadi kumi kati yake na CCC ili majani yapone. Tebukonazoli changanya tu kama lebo zote mbili zinaruhusu, na kama ugonjwa wa kutu umeshaonekana kwenye majani. Jaribu kwanza kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani: lita 1 ya maji yaleyale ya mtoni au kisimani utakayotumia, weka dawa zote kwa uwiano uleule wa bomba, tikisa, ngoja nusu saa. Ukiona mabonge, tope chini au chupa imepata joto, kila moja ipigwe siku yake. Kwenye bomba weka nusu ya maji kwanza, kisha za unga, kisha za maziwamaziwa, na CCC, ambayo ni dawa ya majimaji, iwe ya mwisho, halafu malizia maji.

Piga asubuhi umande umekauka, upepo mdogo, na mvua isitarajiwe kwa saa sita. CCC hula chuma, kwa hiyo usiiache ilale kwenye bomba wala kwenye pipa la bati. Glovu, buti, miwani wakati wa kumimina. Ikimezwa ni sumu kali, msiihamishie kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja.

Ngano_MauNarok

Asanteni sana, kweli mmenifungua macho. Bua_Gumu, msimu uliopita mabua yalipinda juu kidogo ya ardhi, mizizi ilibaki imeshika. Leo nimepasua mimea kumi: minane kijisuke bado hakijafika sentimita 1, miwili kimefika. Wasiwasi wangu ni kuwa siku kumi sasa hakuna mvua na majani yanajikunja mchana. Nikifika 31 bado hakujanyesha nifanyeje?

Bua_Gumu

Yakipinda mizizi imeshika, hiyo ni kazi ya CCC. Ingekuwa mizizi imeinuka ningekuambia ushughulike zaidi na udongo wa juu uliolegea na kina cha kupanda, dawa ingekusaidia kidogo tu.

Kwa ukame: majani yakijikunja mchana, usipige. Mmea wenye kiu umeshajifupisha wenyewe, na CCC juu yake inapunguza masuke na punje. Ngoja mvua, kisha siku mbili tatu baada yake, majani yakiwa yamefunguka hata saa nane mchana, piga mililita 400. Mvua ikija shamba liko 31 bado uko salama. Ikifika 32 bado kukavu, rudisha chupa stoo. Ngano ya ukame ni fupi na nyepesi, mara nyingi hailali.

Kuna watakaokuambia utumie ethefoni, dawa nyingine ya kufupisha, baadaye kuokoa. Ipo, inafanya kazi kwa njia nyingine, ya homoni ya ethilini, na hupigwa jani bendera likishatoka kabla ndevu za suke hazijachungulia. Ukichelewa siku chache chavua huharibika na suke hubaki na mapengo. Kwa bomba la mgongoni kwenye ekari 18 zisizolingana hatua, mimi sikushauri.

Halafu taja mbegu yako ni ya aina gani. Ngano nyingi za sasa zina jeni za ufupi zilizotoka Norin 10 ya Japani, zile ambazo mtafiti Norman Borlaug alizisambaza kutoka Meksiko. Jeni hizo huifanya ngano isisikie jiberelini vizuri. Kama yako ni ya jamii hiyo na bado inalala, basi msongamano na urea ndio wakosaji wakuu, kama alivyosema Kemia.

Uyoga_Kakamega

Samahani kuingilia, ila ametaja marobota. Tafadhali uliza anayenunua anayatumia nini. Huku kwetu Kakamega na Vihiga wapo wanaonunua mabua ya ngano kutoka Nakuru kuoteshea uyoga wa mamama. Klomekwati huoza haraka kwenye udongo, lakini kwenye bua lililokauka inabaki, na uyoga huifyonza. Huko Ulaya mabaki yake yamepatikana kwenye uyoga ambao haukupuliziwa chochote, chanzo kikiwa mabua ya ngano. Kuchemsha au kupiga mvuke ni kwa ajili ya vijidudu; kusitegemewe kuondoa dawa hii. Ya kutandikia ng'ombe sawa. Ya kulisha, angalia lebo inasemaje kuhusu mifugo. Ya uyoga, tafadhali usituuzie. Na ngano mbichi iliyopuliziwa isikatwe kulisha ng'ombe.

Mtama_Nyando

Mimi niko Nyando, Kisumu. Mtama wangu ule mrefu huangushwa na upepo kila msimu. CCC ikibaki naweza kuupiga?

Kemia_Njoro

Hapana. Mtama na mahindi haviiitikii CCC kama ngano, na kama lebo haijautaja mtama hakuna kipimo wala muda salama wa kuvuna unaojulikana kwako. Palilia kwa kupandishia udongo kwenye shina ukifika magotini, punguza miche ibaki sentimita 15 hadi 20 kwenye mstari, na msimu ujao tafuta mbegu fupi.

Nozeli_Mbili

La mwisho kwa mwenye ngano. Chagua sehemu ya wastani katikati ya shamba, acha mkanda wa upana wa mita 3 na urefu wa mita 50 bila CCC, mambo nne zenye vitambaa vyekundu pembeni. Mita tatu pembeni yake weka mkanda mwingine wa mililita 600, ilhali shamba lote likiwa 400. Wiki tatu baada ya kupiga ng'oa mabua kumi kila mkanda, pima pingili ya kwanza na ya pili kwa rula, uandike. Kabla kombaini haijaingia, vuna mita moja ya mraba mara tatu kila mkanda kwa mundu, pura, pima kwa mizani. Rudi hapa na namba hizo pamoja na aina ya mbegu.

Ngano_MauNarok

Nimeelewa. Mbegu ni Njoro BW2. Kesho tunapima vijana kwenye mraba wa mita 10, na Jumamosi napasua tena mimea kumi. Marobota ya msimu huu nitamwambia mnunuzi wazi kuwa yamepigwa CCC.